Kijitabu, Picha, Mdahalo au Injili ya Marko: Njia Ipi ya Kuzungumza Imani na Mwanachuo Mwenzako?

Kila muhula unapoanza, kamati za uinjilisti vyuoni huketi na swali lile lile: safari hii tutawafikiaje wenzetu? Iwe ni TAFES, USCF, CASFETA, TMCS au TUCASA, jumuiya zetu za wanafunzi Wakristo, hali ya mezani hufanana: bajeti ya kuungaunga, ratiba ya vipindi iliyobana, na vijana 12 au 15 walio tayari kutoka. Mara nyingi mazoea ndiyo yanayojibu: tufanye kama mwaka jana. Mimi nilikaa kwenye kamati ya namna hiyo miaka miwili, na tangu nihitimu nimeendelea kurudi kuwasaidia wadogo zangu. Njia zote nne nitakazozilinganisha hapa nimezitumia mwenyewe. Namwandikia yule anayetakiwa kuchagua moja au mbili, maana zote nne kwa muhula mmoja hamtaziweza. Mtachoka kabla ya testi za kwanza.

Mtu unayemwendea

Bill Bright na mkewe Vonette walianza huduma yao ya wanafunzi katika chuo cha UCLA, California, mwaka 1951. Kijitabu kidogo cha kanuni nne ambacho wengi wetu tumekishika kilitokana na kazi hiyo. Kwa kijana wa Marekani ambaye hakuna aliyewahi kumpangia habari njema ikaeleweka mwanzo mpaka mwisho, kilikuwa msaada mkubwa.

Mwanachuo wa Mlimani, Dodoma au Mwanza ana historia nyingine. Amebatizwa mtoto au amewekwa wakfu. Amepata kipaimara, ameimba kwaya, amekuwa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, sekondari, na huenda ameongozwa sala ya toba kwenye semina ya Pasaka kidato cha pili, halafu tena kidato cha nne, halafu tena JKT. Jirani yake wa kitanda cha juu amesoma madrasa tangu ana miaka mitano, anamfahamu Isa bin Mariamu, na ana hoja zake kuhusu Paulo ambazo wewe hujawahi kuzisikia. Wote wawili wamesikia maneno mengi sana ya dini. Waliowauliza wenyewe wanaamini nini, na kwa nini, ni wachache mno.

Kwa hiyo ninapopima njia yoyote naiuliza mambo mawili. Inanipa nafasi gani ya kujua huyu ndugu amesimama wapi? Na Jumatano ijayo nani atakuwa naye? Gharama na idadi ya watu navitazama baadaye.

Kijitabu na hodi ya bwenini

Kijitabu kinaenea kwenye mfuko wa shati. Hoja zake zinafahamika: Mungu anakupenda, dhambi imekutenga naye, Yesu Kristo ndiye njia pekee ya kurudi, na inakupasa umpokee wewe binafsi. Mwishoni kuna michoro ya duara yenye kiti katikati. Kwenye mmoja aliyekaa kitini ni "mimi", kwenye mwingine ni Kristo. Kisha sala fupi. Dakika 15 zinatosha.

Ubora wake ni kwamba hata fresha, yule wa mwaka wa kwanza, mwenye haya kuliko wote anaweza kukitumia baada ya mafunzo ya jioni moja. Kinamzuia msemaji kuzurura. Hakimruhusu ahubiri habari za mavazi au za dhehebu lake, kinamrudisha msalabani. Na kuna saa ambayo hakuna kinachokizidi: pale mtu anapokuuliza kwa kinywa chake, "Sasa nifanye nini?" Nimewahi kuwaona wenzangu wazuri wa kusikiliza wakikwama hapo, wakazungukazunguka mpaka moyo wa mtu ukapoa.

Tatizo lake kwetu linatokana na adabu. Mswahili akibishiwa hodi hukaribisha. Mgeni akianza kueleza jambo, mwenyeji anasikiliza, anaitikia, hamkatizi, na akiombwa jambo dogo la dakika moja hakatai. Hiyo ni ndiyo ya heshima. Sisi tunaipokea kama ndiyo ya imani.

Nilijifunza hili Jumamosi moja nikiwa mwaka wa pili. Mimi na mwenzangu tulipita chumba kwa chumba, ghorofa mbili, tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba. Watu 11 walisali nasi. Niliandika majina yao kwenye daftari, vyumba vyao na kozi zao, na Jumapili nikasimama mbele ya jumuiya nikasoma idadi. Watu walishangilia, na mimi nilifurahi kweli. Baada ya wiki mbili nilianza kuwafuatilia. Niliwapata watatu. Wa kwanza aliniambia yuko na kanisa lake, hana shida. Wa pili hakukumbuka vizuri tulichozungumza. Wa tatu alikuwa mkweli kuliko wote: "Kaka, nilikuwa na testi Jumatatu. Niliona nikikubali mtaondoka haraka." Hakusema kwa dharau. Alisema kwa upole, akiwa bado ameshika desa lake, yale makaratasi ya kusomea, mkononi, na akanikaribisha nikae.

Nilikaa. Siku hiyo ndiyo tuliyozungumza kweli, na kijitabu sikukitoa.

Sisemi hodi ya bwenini iachwe. Nasema kwamba ukibisha kwa mtu usiyemjua huku umeshajua utakachosema hadi neno la mwisho, kuna uwezekano mkubwa wa kuondoka na jina na kumwacha mwenye jina.

Picha mezani

Njia ya pili inatoka kwenye huduma hiyo hiyo ya akina Bright, ila imekuja miaka mingi baadaye. Ni seti ya picha 50 na maswali matano. Unamwomba mtu achague picha tatu zinazoonyesha maisha yake yalivyo sasa, tatu za yale anayotamani yawemo maishani mwake, moja inayoonyesha Mungu alivyo kwake, moja inayoonyesha angependa Mungu aweje, na moja ya safari yake ya kiroho mpaka leo. Wewe unauliza, kisha unanyamaza.

Sisi hatukuwa na seti hiyo, na nashukuru tulitengeneza yetu. Tulipiga picha 32 kwa simu na kuzitoa steshenari, tukazipitisha kwenye plastiki zisilowe. Stendi ya mabasi alfajiri. Mahindi yaliyokauka shambani. Mlango wa bati wenye kufuli. Foleni ya ATM siku bumu, fedha ya mkopo, limetoka. Mama anapepeta mchele kwenye ungo. Taa ya barabarani inayowaka saa nane mchana. Picha za nyumbani zinamfungua mtu kuliko picha za theluji, kwa sababu haulizi maana yake, anaona kwao.

Ile ya taa ndiyo iliyonifundisha thamani ya njia hii. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliketi kwenye kimbweta chetu, meza ya nje ya kujisomea, akisubiri kipindi. Alipofika swali la Mungu alizipanga picha zote upya kama mtu anayepanga karata, akaipita ya jua, akaipita ya mama na mtoto, akaiweka ya taa katikati ya meza. "Ipo," alisema. "Inawaka. Hata umeme inatumia. Lakini mchana huu inanisaidia nini?" Halafu akatuambia habari ya baba yake, ambayo si yangu kuisimulia. Alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa. Laiti tungemfungulia kijitabu, angezisoma hoja zote nne kwa kichwa kabla yetu, na tusingejua lolote kuhusu ile taa.

Kwa swali langu la kwanza, kujua mtu amesimama wapi, picha ndizo zinazoongoza. Filipo alipoikimbilia gari ya yule Mwethiopia katika Matendo 8 alianza kwa swali, na Yesu pale kisimani Samaria alianza kwa kuomba maji. Picha zinakurudisha kwenye mwanzo wa namna hiyo.

Ila zina udhaifu ambao lazima viongozi waujue. Mazungumzo yanaweza kuwa matamu mno yakaishia hapo. Mtu amefunguka, mmelia pamoja, mmeagana vizuri, na jina la Yesu halijatajwa. Nimeona hilo likitokea jozi baada ya jozi kwa alasiri nzima. Dawa yake ni kukubaliana mapema kwamba msikilizaji naye atachagua picha zake mwishoni na kueleza kwa nini, kwa uaminifu ule ule, bila kuhubiri. Hapo ushuhuda unapata mlango wake wa kawaida. Na mara nyingi mwenzako ndiye anayeuliza: "Na wewe je?"

Udhaifu wa pili ni mzito zaidi. Picha zinafukua mambo: msiba, ada iliyokwama, mimba, kudisco (kufukuzwa chuo kwa kufeli), mawazo ya kutotaka kuishi. Vijana wa miaka 21 wanasikia vitu vizito kuliko umri wao. Mjue mapema ofisi ya mshauri nasaha iko wapi na nani yupo siku gani, na mjifunze kumsindikiza mtu hadi pale, pamoja na kumwombea. Tena ulimi uwe na breki. Nimewahi kuhudhuria mkesha ambapo siri ya binti ililetwa kama "ombi" mbele ya watu 80. Hakutajwa jina, lakini kozi yake ilitajwa, na kila mtu alijua. Hakurudi tena kwenye jumuiya yoyote mpaka anahitimu. Zilizokosa ni ndimi zetu, picha hazikuwa na kosa, na jeraha lile bado naliona.

Mdahalo ukumbini

Hii ndiyo njia yenye sauti. Mnakodi au mnaomba ukumbi, mnamwalika msemaji, mnaweka sanduku la maswali yasiyo na majina, na mnabandika matangazo. Jumuiya za Kikristo za vyuo nchini Kenya zinaifanya vizuri, na hapa kwetu inazidi kuzoeleka.

Inawapata watu ambao njia nyingine haziwapati: yule asiyependa kufuatwa chumbani, na yule mwenye swali gumu anayetaka kusikia likijibiwa bila yeye kujulikana. Na maswali yenyewe siku hizi yana damu. Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi kwenye mkutano wa maombi wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu walioaminishwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mwanachuo anayeuliza "Kwa nini nimwamini mtu yeyote anayenijia na Biblia?" ana haki ya kujibiwa hadharani, na Wakristo, kwa midomo yao, waseme mbele za watu kwamba yale yalikuwa uovu. Kijitabu hakina ukurasa wa swali hilo. Ukumbi unayo nafasi.

Lakini tuwe waangalifu na historia yetu. Pwani na Dar es Salaam tunaikumbuka mihadhara ya kulinganisha dini iliyoshika kasi miaka ya 1980 na 1990: kipaza sauti, Biblia na Kurani mezani, aya kwa aya, umati ukishangilia kama uwanja wa mpira. Ilizalisha washindi na walioshindwa. Ukiandika "mdahalo" kwenye tangazo, kuna watakaokuja wakitarajia hayo, Wakristo wakiwa wa kwanza. Mimi nimeacha neno hilo kabisa. Tunaandika "Jioni ya Maswali", hatuweki wapinzani jukwaani, na hatulinganishi dini.

Kisha kuna hesabu ambayo kamati haipendi kuifanya. Usiku mmoja tulijaza ukumbi wa watu 150 na kufurahi. Msemaji akaomba wasio wa jumuiya yoyote ya Kikristo wanyooshe mkono, bila shinikizo. Mikono haikufika 20. Tulikuwa tumetumia karibu fedha yote ya muhula kujiita wenyewe. Fedha ile haikupotea yote, kwa sababu washiriki wetu nao wana maswali, ila tusiliite tukio hilo uinjilisti kwenye taarifa.

Marko kwenye kimbweta

Njia ya nne ni ya polepole kuliko zote. Unamwalika rafiki mmoja au wawili mnaojuana nao msome Injili moja pamoja, kipande kwa kipande, mara moja kwa wiki. Tunapenda Marko kwa sababu ina sura 16 tu na inakwenda mbio. Wenye subira huchagua Luka au Yohana.

Utaratibu wetu hauzidi dakika 45. Mmoja anasoma kwa sauti. Halafu maswali matatu: hapa kunatokea nini? Yesu wa hapa ni mtu wa namna gani? Kama hili ni kweli, kesho yangu inabadilika wapi? Mwenyeji haruhusiwi kuhubiri. Akiulizwa asilolijua anasema sijui, anakwenda kutafuta. Lisilo kwenye kipande cha siku hiyo linasubiri.

Chagua tafsiri kwa makini. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ndiyo iliyo vichwani mwetu, na "amin, nawaambia" ina utamu wake, lakini rafiki asiyelelewa kanisani anaweza kupoteza nusu ya kikao akiuliza maana ya maneno. Habari Njema humrahisishia. Mkiwa wawili, kila mmoja na tafsiri yake, tofauti zenyewe huzaa mazungumzo.

Yule dada wa taa alikubali kuja Jumatano saa kumi na moja jioni, yeye na mwenzake wa chumba, pamoja na dada mmoja wa kamati yetu na mimi. Wiki tatu za kwanza alikuwa mwenye adabu na asiyesema mengi. Wiki ya nne tukafika mwisho wa sura ya 4: dhoruba, mashua inajaa maji, Yesu amelala kwenye mto nyuma ya chombo, na wanafunzi wanamwamsha wakimuuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Alimsimamisha msomaji. "Subiri. Wao waliruhusiwa kumuuliza hivyo?" Akakisoma tena kipande hicho mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Jioni ile hatukumaliza maswali matatu, tulibaki na hilo moja mpaka mbu wakatufukuza.

Hakuna ambacho ningeweza kumwambia siku ya picha kingemfikisha pale. Ilibidi alikute swali lake ndani ya Maandiko, kwa wakati wake, na watu wa kukaa naye wakiwepo.

Na rafiki Mwislamu akikubali kusoma nawe, ushike adabu ya kitabu. Niliwahi kuweka Biblia yangu chini, kando ya mguu wa kiti, ili nimimine chai. Mwenzangu aliitazama kwa muda, akaiokota, akaifuta kwa kiganja na kuiweka juu ya meza bila kusema neno. Kwake, namna ninavyokishika kitabu ndiyo namna ninavyokiamini. Tangu hapo naileta imefungwa kwenye kitambaa. Usipange kikao kikagonga swala ya Magharibi, usilete vitafunwa Ramadhani, na usimsukume kuelekea uamuzi ambao wewe hutaubeba. Akiamua kumfuata Kristo, anayeweza kufukuzwa nyumbani ni yeye. Ajue hivyo, na ajue ana watu.

Kasoro za njia hii ni za wazi. Inawafikia wachache. Haina cha kusoma kwenye taarifa ya Jumapili. Inategemea mtu kushika ahadi wiki nane mfululizo, na wanachuo wengi, wakiwemo watumishi, hawana kawaida hiyo. Vikundi viwili kati ya vitano vyetu vilikufa kabla ya sura ya 6, na mara zote mbili aliyeacha kuja alikuwa mwenyeji.

Kuna mzee wa jumuiya aliyetukumbusha kwamba uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kuingia hadi Kagera haukuenezwa na vipaza sauti. Watu walikaa wawili watatu, wakaungama, wakasimuliana, wakatembeleana. Nyumba nyingi za walokole tunazozijua leo zina bibi au babu aliyeokoka hivyo. Hii njia ya polepole ni ya kwetu kuliko tunavyodhani.

WhatsApp sikuipa sehemu yake kwa sababu sijaona ikianzisha mazungumzo ya maana na mtu usiyemjua. Inafaa kukumbushana Jumatano. Kwa ubishi wa imani haifai kabisa: maneno ya saa sita usiku hayana uso, na yanapigwa picha na kusambazwa.

Zikiwekwa bega kwa bega

Tuseme mna vijana 12 na Jumamosi moja. Kwa kijitabu, jozi sita zitazungumza na watu kama 40 kabla ya jioni, na kwa uzoefu wangu mtakaowapata tena hawatazidi wanne. Kwa picha mtazungumza na 15 au 18, na nusu yao watawasalimu kwa majina wiki inayofuata. Ukumbi utawapa 150 kwa saa mbili, wengi wao mkiwa mnawajua tayari. Kwa Marko, vijana hao 12 watakaa na marafiki 10 au 12 tu, lakini kwa miezi miwili.

Kwa fedha, Marko na kijitabu karibu ni bure. Picha zinagharimu mara moja, mkizitunza mtazitumia miaka. Ukumbi unakula kila mara.

Kwa ujuzi, kijitabu ni rahisi kuanza, picha zinadai mtu anayejua kunyamaza, na ukumbi unadai msemaji aliyesoma na asiyekasirika. Marko haidai msomi. Inadai mwaminifu.

Kama jumuiya yenu ni mpya, wachache na waoga, anzeni na picha, na kila mmoja ajue kijitabu kwa kichwa bila kukibeba mkononi. Siku mtu akiuliza afanyeje, kitatoka. Kama chuo chenu kimetikiswa na jambo, kashfa ya mhubiri, kifo cha mwanafunzi, andaeni jioni moja ya maswali, moja tu, na mlangoni muwe na karatasi ya wanaotaka kuendelea kusoma. Kama nyote ni mwaka wa tatu na mnaondoka, msianzishe vikundi vya Marko msivyoweza kuvimaliza. Wafundisheni mwaka wa kwanza wawe wenyeji, nyinyi mkae pembeni. Na kama chuo chenu kina hosteli zilizotawanyika mitaani, mtu anapanga huku na mwingine kule, hodi za chumba kwa chumba zitawachosha bure.

Nikilazimishwa kuchagua bila kujua chuo, nachagua picha kwa kuanzia na Marko kwa kuendelea. Hizo mbili zinashikana: ya kwanza inafungua, ya pili inakaa.

Mambo ambayo njia yoyote itayadai

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dini, na kazi ya kueneza dini inaitaja kuwa huru na jambo la hiari ya mtu binafsi. Neno hiari linafanya kazi pande zote mbili: unaruhusiwa kusema, naye anaruhusiwa kukataa. Barua ya ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi iombwe mapema, hasa kwa meza na ukumbi. Vijana wa kiume wasiingie hosteli za dada zao kwa kisingizio cha huduma, na jozi zipangwe kwa jinsia. Msigawe soda wala vocha kama chambo. Akisema hapana, hiyo ni hapana, na salamu zenu za kesho yake zibaki zilivyokuwa.

Ratiba tunayoitumia sasa ni hii: wiki ya pili na ya tatu, picha kwenye vimbweta, alasiri mbili kwa wiki. Wiki ya nne hadi ya 11, Marko, kila kikundi kwa siku yake. Jioni ya maswali, ikiwepo, wiki ya saba. Wiki ya 12 tunasimamisha kila kitu kwa sababu ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, na wale ambao hawajafika sura ya 16 wanaondoka na nakala zao pamoja na namba ya simu ya mtu mmoja anayewafahamu.

Yule dada wa taa alifunga chuo akiwa sura ya 11. Alikuwa hajasali sala yoyote nasi, na hatukumwomba. Masomo yalipoanza tena alimkuta mwenzetu wa kamati kwenye foleni ya usajili, akamuuliza kama Jumatano bado ipo.